MVUVI NAYE ALE KAA MZIMA

  Najua wenzangu katika jarida letu la Chama cha Kiswahili wameandika juu ya nidhamu, mitihani na dawa za kulevya, na hayo ni mambo mazito. Mimi nimekuja na kaa. Usicheke kwanza, nisikilize! Sisi wa vijiji vinavyopakana na mikoko ya Mida tunamvua kaa, tunambeba kaa, tunamuuza kaa, lakini kumla hatumli. Nasema wazi kwamba jambo hili si sawa, na sababu zangu nitazitoa moja baada ya nyingine.

Kwa faida ya wenzetu ambao wazazi wao walihamia huku kutoka bara, kaa ninayemtaja si yule mdogo anayekimbia ubavu-ubavu mchangani. Ni kaa wa mikokoni, rangi yake kijani iliyoiva karibu na weusi, mwenye magando mawili ambayo yakikubana kidole utamwita mama hata kama mama yuko sokoni. Makao yake ni shimo refu ndani ya tope, chini ya mizizi ya mikoko. Wengi huuzwa wakiwa na uzito wa nusu kilo hadi kilo moja, ingawa aliyekomaa kabisa huweza kupita kilo mbili.

Kumpata si mchezo. Wakati mzuri ni siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maana maji hupwa mbali sana na mashimo yakabaki wazi. Mvuvi huingia mikokoni na mti mrefu uliofungwa chuma kilichopindwa nchani. Hutazama tope lililofukuliwa karibuni mlangoni mwa shimo na alama za miguu ya kaa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mtaka kaa kuinama hakumtoshi. Hulala kifudifudi topeni, mbu wanamla mgongo, mkono umezama shimoni hadi begani. Chuma kikigonga gamba, mkono unasikia. Hapo subira inatakiwa. Ukivuta kwa pupa gando linakatika, na wakati mwingine kaa mwenyewe huliachilia, wewe ukabaki na gando na yeye akarudi ndani. Akitoka mzima hufungwa magando kwa kamba, akatiwa kikapuni na kufunikwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari ili asife, kwa sababu kaa akifa huharibika upesi na mnunuzi hamtaki. Baba yangu hufanya kazi hii, na mjomba wangu pia. Mimi huwafuata siku za likizo.

Sasa tazama yanayofuata. Mnunuzi huja na mizani yake. Kaa mzito mwenye magando yote mawili, huyo ni wa hoteli au wa kusafirishwa ng'ambo akiwa hai. Kaa wa gando moja, au yule aliyejivua gamba juzi ambaye ndani amejaa maji badala ya nyama, hukataliwa au hupewa bei ya kutupa. Huyo ndiye anayekuja nyumbani kwetu. Kwa hivyo sisi watoto wa wavuvi wa kaa tunawajua kaa vilema tu! Wahenga waliliona jambo hili zamani waliposema mfinyanzi hulia gaeni. Anawafinyangia watu vyungu vizuri, yeye mwenyewe anakula kwenye kigae. Mimi naichukua methali hii kama onyo, si kama amri.

Najua msomaji mmoja tayari amekunja uso. Anasema, "Wewe kijana, karo utalipa na nini? Utampelekea mwalimu mkuu gando?" Swali hili ni la haki na silikimbii. Karo yangu mimi imetoka kwenye mashimo yale. Sare niliyovaa, na hata kalamu hii ninayoandikia, ni kaa aliyevuliwa na baba kabla jua halijachomoza. Singethubutu kumwambia baba asiuze. Ninachoomba ni kidogo: kila bamvua, kaa mmoja mzima, mzito, mwenye magando yote mawili, apelekwe jikoni kabla ya mizani kufika. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Hao ni kaa wawili katika mwezi mzima. Hebu fikiria tunachonunua kwa pesa za hao wawili: soda, mafuta ya kukaangia, na viungo vya pakiti vya kutia ladha ya nyama kwenye sukumawiki. Yaani tunauza nyama tukanunue harufu ya nyama!

Sababu yangu ya pili inahusu bei. Kaa ni bidhaa isiyongoja. Mnunuzi anajua kwamba jua likiwaka kaa wataanza kufa, na anajua pia kwamba kwetu hakuna mazoea ya kuwapika. Basi hutaja bei anayotaka, akakunja mikono na kutazama saa. Mvuvi hana la kufanya ila kukubali. Lakini nyumba iliyozoea kumla kaa wake ina jibu. Mama anaweza kusema, "Kwa bei hiyo, bwana, acha wanangu wale." Siku ambayo mnunuzi atasikia maneno hayo kutoka nyumba tano, sita, mizani itaanza kusema kweli. Asiye na sufuria hana nguvu sokoni.

Ushahidi ninao. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini mwezi wa Machi, shule zilifungwa, hoteli zikafungwa, ndege za abiria kutoka ng'ambo zikasimama. Wanunuzi wa kaa hawakuonekana tena kijijini. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Sisemi mwaka ule ulikuwa mzuri. Pesa hazikuwepo, chai tuliinywa bila maziwa na siku nyingine bila sukari. Lakini kaa waliendelea kuwamo mashimoni, na baba aliendelea kuwatoa. Kwa mara ya kwanza niliwaona kaa wazima, wakubwa, wakiingia jikoni kwetu, na nyanya akatufunza mapishi ambayo mama mwenyewe alikuwa hayajui vizuri, kwa sababu tangu aolewe kaa wote walikuwa wakipita mlangoni tu kuelekea barabarani. Fikiria, msomaji! Ujuzi huo ulikuwa umebaki kichwani mwa mzee mmoja. Ilihitaji maradhi ya dunia nzima ndipo utuangukie sisi.

Na mapishi yenyewe ni haya. Kaa husuguliwa tope kwa burashi na maji mengi, akatolewa gamba la juu na vile vinyuzi vya kijivu vya kupumulia ambavyo haviliwi. Hukatwa vipande viwili au vinne. Magando hugongwa kwa mchi, taratibu, yapate ufa bila kupondeka, ili mchuzi uingie ndani. Kitunguu hukaangwa mpaka kilainike, zikafuata tungule, kitunguu saumu, tangawizi na bizari kidogo. Kisha tui jepesi, na kaa akatumbukizwa humo achemke hadi gamba lake libadilike kuwa jekundu kama paa la bati lililopakwa rangi. Tui zito huja mwisho, na hapo mkono usiache kukoroga, tui lisije likakatika. Ndimu hukamuliwa sufuria ikishaipuliwa. Kama kuna embe bichi, kipande kimoja ndani ya mchuzi huo kitakufanya umsahau aliyekukosea mchana.

Chakula hiki kina wakati wake, na wakati huo ni kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la kwetu halimruhusu mtu kukaa ndani ya nyumba. Jioni mkeka hutandikwa uani, sima au wali wa nazi ukatiwa kwenye sinia, bakuli la mchuzi likawekwa katikati. Sasa hapa ndipo kaa anapoonyesha kazi yake. Kaa haliwi kwa haraka. Kila mguu uvunje, kila kijumba cha nyama ukipekue kwa kidole. Baba yangu siku nyingine hula kimya, akanawa na kwenda kulala, maana maji hayamngojei. Siku ya kaa hubaki mkekani saa nzima, akavunja gando na kutusimulia shimo alilomtoa, na jinsi alivyoponea chupuchupu kubanwa. Nimejua mambo mengi ya babu yangu kwenye sinia hilo kuliko mahali pengine popote. Pengine ndiyo sababu akaitwa kaa: ukitaka kumla, sharti ukae!

Sababu yangu ya tatu ni ya kesho. Mtu anayemuona kaa kama noti tu atamtoa kila kaa, hata mchanga asiyejaza kiganja, hata jike mwenye mayai. Jike si vigumu kumtambua. Mgeuze: kifuniko cha tumbo lake ni kipana cha mviringo, na cha dume ni chembamba chenye ncha. Akishapevuka huenda bahari kuu kuangua mayai anayoyabeba chini ya tumbo, na mayai hayo ni ya mamilioni. Ukimuuza huyo umeuza kaa wako na kaa wa wajukuu wako kwa pesa za siku moja. Nyanya hakubali jike mwenye mayai aingie sufuriani mwake, wala kaa mdogo. Husema, "Huyo hajafika, mrudishe kwao." Mizani ya mnunuzi haijawahi kusema hivyo. Na kwao ni mikokoni. Kenya yetu ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu iko Lamu. Hii yetu ya Mida ni kipande kidogo. Tukiikata kwa kuni na nguzo, mashimo yatabaki bila wenyewe.

Wapo watakaonipinga kwa mambo mengine. Wenzetu fulani dini au mila zao hazimkubali kaa, na wengine wakimla ngozi huwavimba. Hao siwalazimishi. Kila mtu na chungu chake. Lakini yule anayesema ati "hicho ni kidudu" huku akitamani sambusa, ningependa afike Dabaso, ambako kikundi cha wanakijiji kina mkahawa wake juu ya nguzo ndani ya mikoko. Wageni hutoka mbali kuja kula hapo sambusa za kaa. Watu wale wale wa kwetu, kaa yule yule, lakini aliyepikwa huleta faida kuliko aliyefungwa kamba. Anayejua kupika kaa ana mlango mwingine wa riziki. Nasi vijana tutaujuaje mlango huo ikiwa kaa mzima tunamjua kwa kumtazama akipita?

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wetu wapendwa, hasa mlezi wa Chama cha Kiswahili na mwalimu wa Sayansi-Kimu. Sisi ni shule ya kutwa. Jioni kila mmoja wetu hurudi kwenye jiko la kwao, na hii ni bahati ambayo wenzetu wa bweni hawana. Kila mwaka katika sherehe ya chama tunachanga pesa tukanunua soda na biskuti zilizotoka mbali. Mwaka ujao tuchange kaa. Tuwaalike nyanya zetu wawili watatu waje watufunze, wavulana kwa wasichana, na wanachama waandike majina ya viungo, ya vyombo na ya sehemu za kaa kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Mengi ya maneno hayo hayamo katika vitabu vyetu vya kiada, na wenye kuyajua wanazeeka.

Kalamu yangu inaishiwa na wino, ndugu msomaji. Wahenga walisema kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Nami nimekwisha kuinua langu. Wavuvi wetu waendelee kuuza, tena kwa bei nzuri, na karo ilipwe. Lakini bamvua ijayo, kabla mizani haijatundikwa, mtoto wa mvuvi aseme kwa heshima, "Baba, huyu mmoja ni wetu." Kisha aende akune nazi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili.