Sikio la Chuoni na Kiingereza cha Skuli



Ndugu wasomaji, wapo wazazi katika mitaa yetu, toka Kuze hadi Kibokoni, wanaodhani hawana la kumsaidia mtoto katika Kiingereza kwa kuwa wao wenyewe hawakukisoma. Nasi twasema: wanalo. Mtoto wa Mji wa Kale huingia skuli na sikio lililokwisha kufundwa.

Kimvita chapambanua kaa la moto na k'aa wa baharini. Huyu wa pili hutamkwa kwa pumzi, ijapokuwa vitabu vya skuli huyaandika maneno hayo sawasawa. Kisha chuoni mtoto hufunzwa kuwa qalb ni moyo na kalb ni mbwa: qafu hutoka mwisho wa ulimi karibu na kimio, na kafu mbele yake kidogo. Haambiwi tu kuwa amekosa. Huonyeshwa mahali herufi inapotoka, akarudia hadi ikakaa.

Fanyeni vivyo hivyo na Kiingereza. Maneno yanayotatiza ni ya namna mbili. Ya kwanza ni yale yanayokaribiana kwa sauti, kama ship, yaani meli, na sheep, yaani kondoo. Kiswahili kina i moja tu, basi mtoto huyachanganya, akaandika kuwa kondoo wametia nanga Kilindini! Mwambieni sheep huvutwa mfano wa madda, na ship hukatwa.

Ya pili ni yale yanayosikika mamoja. Hapa sikio halifai kitu. Maana ndiyo mwamuzi. Hear ni kusikia, na ndani yake mna ear, yaani sikio. There ni kule, na ndani yake mna here, yaani hapa; yote mawili ni mahali. Their ni -ao, neno la kumiliki. Mtoto atunge sentensi, kisha mzazi amuulize kwa Kiswahili: "Hili uliloandika ni la mahali au la mali?" Swali hilo halihitaji Kiingereza, na mara nyingi mtoto hujisahihisha mwenyewe.

Twausia jambo moja: asichekwe. Mtoto anayechekwa hufunga mdomo darasani, na aliyefunga mdomo hasahihishwi. Maneno mawili kila usiku baada ya Isha yatosha kuanzia.

Wabillahi tawfiq.