Mapacha si bei ya jumla

Miongoni mwetu Waswahili wa Balsall Heath, hapa Birmingham, wapo wanandoa wanaohangaikia mtoto wa chupa, na swali ni lile lile: daktari apandikize kiinitete kimoja au viwili? Wengi hutaka viwili. Hesabu yao tunaielewa. NHS katika maeneo mengi ya England hulipia awamu moja tu, ikishindikana unatoa mfukoni, na huko nyumbani mama mkwe hachoki kupiga simu. Basi bora wawili kwa mpigo, yaishe.

Sisi tunasema hapana. Mapacha huzaliwa njiti mara nyingi zaidi, na mama huandamwa na shinikizo la damu. Kampala, Novemba 2023, mama wa miaka 70 alijifungua mapacha kwa njia hii na shangwe zikatanda. Lakini walitoka wiki ya 31, wakalazwa kwenye mashine za joto.

HFEA, mamlaka inayosimamia tiba hii Uingereza, imekuwa ikihimiza kimoja kimoja. Uzazi wa mapacha ulishuka kutoka asilimia 28 miaka ya 1990 hadi 6 mwaka 2019, na nafasi ya kushika mimba haikupungua, iliongezeka. Kiinitete cha pili, kikiwa kizuri, hakitupwi: hugandishwa, na tangu Julai 2022 sheria inaruhusu kukihifadhi hadi miaka 55. Mama mkwe aambiwe wa pili yuko kwenye barafu.

Aliyefikisha miaka 40 na anatumia mayai yake mwenyewe, huyo anaruhusiwa hadi vitatu. Hapo hatubishani na daktari wake.