Katika Picha ya Kiwanda, Kiima ni Nani?

Aghalabu mwanafunzi akionyeshwa picha ya rangi iliyochorwa na msanii stadi husema mambo mawili tu: kwamba ni nzuri, na kwamba inafanana na kitu chenyewe. Mwalimu naye, kwa kukosa la kuongeza, humtajia jina la mchoraji na mwaka, somo likaisha. Nionavyo mimi, kasoro hii si ya macho bali ya maswali. Nayo hudhihirika zaidi katika picha za viwanda. Picha ya machweo yaweza kupendwa bila kuulizwa chochote. Moshi wa kiwanda una wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na huenda walimu wa sanaa wakaniona nimevuka mpaka. Hata hivyo, nadai kwamba swali tulifunzalo katika somo la sarufi latosha kuwa pa kuanzia: katika sentensi hii, kiima ni nani? Asemaye "Fundi anayeyusha chuma" na asemaye "Chuma kinayeyushwa" wanasimulia tukio moja, ila huyu wa pili amemwondoa fundi, na wala hakusema uongo. Wachoraji nao wana kauli yao ya kutendwa.

Tutazame mathalani Coalbrookdale by Night, picha ya mwaka 1801 ya Philip James de Loutherbourg. Coalbrookdale ni bonde la Uingereza ambako Abraham Darby, mwaka 1709, alifaulu kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa badala ya makaa ya miti. Loutherbourg alikuwa amepata kuwa mtengeneza mandhari ya jukwaani katika ukumbi wa Drury Lane, London, na ustadi huo waonekana: miali ya tanuri imeigeuza mbingu kuwa ya rangi ya chungwa, mwezi umesukumwa kando, farasi wanavuta mzigo gizani. Watu wamo, lakini ni vivuli tu. Kiima cha picha hii ni moto. Mtazamaji huvutiwa na kuogofya kwake, kisha akaenda zake bila kujua ni nani aliyekuwa akiuchochea.

Sasa tuiweke kando yake picha ya Mjerumani Adolph Menzel, iliyochorwa kati ya 1872 na 1875, inayoonyesha kiwanda cha kutengeneza reli huko Königshütte, mji ambao leo uko Poland na huitwa Chorzów. Menzel alikwenda kiwandani akachora michoro ya matayarisho zaidi ya mia moja. Katikati, wanaume wenye koleo ndefu wanakielekeza chuma chekundu kati ya magurudumu ya mashine, na nuru ya chuma hicho ndiyo inayozimulika nyuso zao. Loutherbourg naye angaliweza kuchora hilo. Lakini tazama kando. Upande wa kushoto zamu imekwisha na watu wananawa jasho na masizi. Upande wa kulia, mbele kabisa, wengine wamejibanza nyuma ya bamba la chuma wakila, na msichana aliyeinama na kikapu anatuangalia sisi watazamaji, kana kwamba tumeingia bila kubisha hodi. Wafanyakazi wa Menzel wana vitenzi vingi: wanafua, wanavuta, wanakula, wanaoga. Picha hiyo ilipewa pia jina la majitu ya jicho moja ya hadithi za Kiyunani, nami jina hilo silipendi hata kidogo, kwa kuwa jitu halihitaji chakula cha mchana kilicholetwa kikapuni.

Mtu aweza kudai kwamba nimechagua mifano ya nyakati na nchi mbalimbali, hivyo ulinganisho si wa haki. Haya basi, tuchukue kiwanda kimoja: kile cha magari ya Ford kando ya mto Rouge, karibu na Detroit, Marekani. Charles Sheeler aliajiriwa mwaka 1927 kukipiga picha kwa kamera, na mwaka 1930 akachora American Landscape. Kila kitu ni safi na kimetulia: dohani, reli, lundo la malighafi, maji yasiyo na wimbi. Katika eneo lote hilo lililoajiri maelfu kwa maelfu, kuna mtu mmoja tu, mdogo kama sisimizi, katikati ya reli. Miaka miwili baadaye alifika Diego Rivera kutoka Mexico. Hadi Machi 1933 alikuwa amejaza kuta za ukumbi wa jumba la sanaa la Detroit kwa michoro 27, na ukutani mwake wafanyakazi wamesongamana bega kwa bega, migongo imepinda, wakiunda injini ya silinda nane. Magari yanaundwa, asema Sheeler. Hawa ndio wanaoyaunda, asema Rivera.

Ingekuwa rahisi kumpa Rivera tuzo tukaishia hapo. La hasha! Tarehe 7 Machi 1932, wiki chache tu kabla hajaanza kazi yake, watu wasio na ajira waliandamana hadi lango la kiwanda hicho wakapigwa risasi. Wanne walikufa papo hapo na wa tano baadaye. Aliyelipia michoro hiyo ni Edsel Ford, mwana wa mwenye kiwanda. Katika ukumbi mzima, maandamano yale hayamo. Sheeler amewaondoa watu wote waziwazi, na ukimya wake waweza kusomwa hata kama onyo. Rivera ametupa sentensi ndefu yenye viima tele, akaruka moja.

Sentensi aliyoiruka Rivera iliandikwa na mchoraji mwingine kuhusu mahali pengine, tena kwa lugha yetu. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, alichora historia ya nchi yake kwenye picha zaidi ya mia moja, na mwaka 1973 na 1974 huko Lubumbashi akamsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian maana yake kwa Kiswahili. Mazungumzo hayo yalichapishwa kitabuni mwaka 1996. Miongoni mwa aliyoyachora ni mauaji ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya shaba, Union Minière, waliogoma Desemba 1941 kudai mshahara. Hapo mfanyakazi si kiima tena bali ni shamirisho, na mwenye bunduki ametiwa mahali pake panapomstahili mwanzoni mwa sentensi.

Tunalalamika kila mara kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuhakiki sanaa ya uchoraji. Kiswahili cha Tshibumba ni cha Katanga. Upatanisho wake wa ngeli ungepigwa mistari mingi myekundu na watahini wetu, nami nikiwa mmoja wao. Lakini kwa saa kadha wa kadha alieleza kila picha: nani yumo, nani kafanya nini, na kwa nini amemweka hapo alipo.