Wapi Walimu wa Usanifu Majengo?

Anayefuatilia kurasa za matangazo ya kazi magazetini hakosi kuona kwamba kuna nafasi ambazo hutangazwa, muda ukapita, kisha zikatangazwa tena kwa maneno yale yale. Mojawapo ni nafasi ya mhadhiri wa usanifu majengo katika vyuo vikuu vya umma. Chuo hutaka mtu mwenye shahada ya uzamifu, makala zilizochapishwa katika majarida ya kitaaluma, tajriba ya kufundisha na, juu ya hayo yote, awe amesajiliwa kuwa msanifu. Wenye sifa hizo zote kwa pamoja ni wachache mno, na hao wachache hawakosi kazi kwingine. Nafasi hubaki tupu, na wanafunzi huendelea kungoja.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa isimu ana lipi na mambo ya wajenzi. Niliwahi kualikwa kuketi katika jopo la usaili la chuo kimoja cha umma, nikiwakilisha kitivo kingine. Mbele yetu aliingia mtu wa makamo ambaye alikuwa amesanifu shule, zahanati na nyumba za watu kwa zaidi ya miaka 20. Alikuja na ramani zake zimekunjwa, amezibana kwapani. Hakuna aliyemwomba azikunjue. Aliulizwa amechapisha makala ngapi, akajibu kwamba hajachapisha hata moja. Baada ya dakika kumi alishukuriwa, akaondoka na ramani zake. Nafasi ile haikupata mtu mwaka huo. Nami nilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi, na hadi leo sahihi ile hunisuta.

Hunisuta kwa sababu nilimpima kwa mizani ya somo langu. Katika isimu, mhadhiri mmoja aweza kuwafafanulia wanafunzi 300 muundo wa sentensi kwa wakati mmoja, alimradi kipaza sauti kifanye kazi. Usanifu majengo haufundishwi hivyo. Kiini chake ni studio, yaani ukumbi wa kuchorea, ambamo mwalimu huketi kando ya mwanafunzi, akautazama mchoro wake, akamwuliza: Mvua ikinyesha, maji yatapitia wapi? Jua la alasiri litaingia chumba kipi? Mgonjwa akibebwa kwa machela, wabebaji wataweza kukata kona hii? Kisha mwanafunzi hubandika michoro yake ukutani na kuitetea mbele ya walimu.

Na tupige hesabu. Darasa likiwa na wanafunzi 60, na kila mmoja apewe nusu saa tu kwa wiki, hizo ni saa 30 za mwalimu. Walimu wakiwa wawili, nao wana madarasa mengine ya kuhudumia, nusu saa ile hugeuka dakika tano. Hivyo ndivyo mwanafunzi awezavyo kumaliza masomo ya miaka sita bila ya mtu kuuchunguza mchoro wake hata mara moja kwa makini unaostahili.

Fani hii si ngeni nchini. Ilianza kufundishwa Nairobi mwaka 1956 katika Royal Technical College, taasisi ambayo baadaye ilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku hizi inafundishwa pia katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta na katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, miongoni mwa vingine. Kuongeza vyuo ni jambo la kupongezwa. Lakini mwalimu wa studio hapatikani kwa kutia sahihi hati ya kuanzisha kozi. Hulelewa kwa miaka mingi, na akishapatikana ni lazima atunzwe.

Miongozo ya uajiri iliyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 iliifanya shahada ya uzamifu kuwa njia ya kawaida ya kuingia katika cheo cha mhadhiri. Nia ilikuwa njema, na mimi niliyefaidika na shahada hiyo siwezi kuibeza. Katika isimu, utafiti ndio kazi yenyewe. Kwa msanifu, kazi ni jengo. Jumba la KICC, lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso na kukamilika mwaka 1973, ni kitabu kilichosimama wima katikati ya jiji, na wanafunzi hukisoma bila ya kufungua ukurasa. Iweje basi aliyejenga ahesabiwe kuwa hajachapisha kitu? Kitambaa hakipimwi kwa pishi.

Hata huyo anayekubaliwa, aghalabu hakai. Ofisi za wasanifu binafsi humwita, na mshahara wa chuo hauna nguvu ya kumzuia. Pengo huzibwa na wahadhiri wa muda, ambao hulipwa kwa saa na mara nyingi malipo yao huchelewa. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa wiki saba wakidai Sh7.9 bilioni zilizotokana na mkataba wa kati ya mwaka 2017 na 2021. Kijana hodari aliyekuwa akiwazia kurudi chuoni kufundisha alijifunza nini kutokana na wiki hizo saba? Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi twataka watu wetu wacheze, lakini kutunza hatutaki.

Watakuwapo wenye kusema kwamba kuwafungulia mlango wasio na uzamifu ni kushusha hadhi ya chuo kikuu. Hoja hii ina uzito, maana chuo kisichotafiti ni karakana tu. Usam Ghaidan, aliyefundisha usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha mwaka 1975 kitabu kuhusu mji wa Lamu. Utafiti wa aina hiyo ndio unaomwezesha mwanafunzi wa bara kuielewa nyumba ya mawe ya Waswahili: daka la mlangoni, kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, misana, ndani, na zidaka zilizopangwa ukutani. Hata hivyo tusisahau kwamba nyumba zile zilijengwa na mafundi ambao hawakuandika makala. Aliyejenga alijua, na aliyeandika alijua. Mwanafunzi anawahitaji wote wawili.

Suala hili si la wasomi peke yao. Mwezi wa Aprili 2016 jengo liliporomoka Huruma, Nairobi, likaua karibu watu 50. Mwezi wa Septemba 2019 darasa liliporomoka huko Dagoretti, na watoto wanane wakafa. Sidai kwamba walimu wa usanifu ndio wa kulaumiwa. Maafa hayo huletwa na tamaa, hongo na kupuuzwa kwa kanuni. Lakini nchi iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 47 mwaka 2019, na ambayo kwa sheria ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake ili kujenga makazi, haiwezi kuyafanyia mzaha malezi ya wale watakaoyachora.

Nini kifanywe? Kwanza, seneti za vyuo ziyatambue majengo yaliyosanifiwa kwa ustadi kuwa sawa na machapisho, yakaguliwe na wataalamu kutoka nje ya chuo kama tunavyokagua tasnifu. Pili, msanifu mwenye ofisi yake aajiriwe kwa nusu ya wiki, kwa mkataba wa miaka kadhaa, mshahara wa kila mwezi na cheo kinachoheshimika, badala ya kuitwa muhula hadi muhula kama kibarua. Tatu, kila idara ichague wahitimu wake bora kila mwaka, iwaajiri kuwa wahadhiri wasaidizi na kuwagharimia uzamili na uzamifu, ili baada ya miaka kumi tusiwe tunalia kilio hiki hiki.

Yote hayo yanahitaji fedha, na zaidi ya fedha, unyenyekevu wa sisi tulio ndani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku moja mtu mwingine ataingia mbele ya jopo na ramani zake kwapani. Kabla ya kumwuliza idadi ya makala, na aombwe kwanza azikunjue mezani, ili tuzitazame.