Matofali bila majani: amri ya pikipiki za umeme na mji wetu

Ukisimama Muhumba kando ya ziwa, unaona milima ya Rwanda ng'ambo. Katika nchi hiyo, tangu Januari 2025, kila pikipiki mpya inayoandikishwa kwa kazi ya taksi mjini Kigali ni lazima iwe ya umeme. Zile za zamani zimeachwa ziendelee. Ethiopia ilitangulia: mwaka 2024 ilikataza kuingiza nchini magari ya watu binafsi yanayotumia esanse au mazutu. Umoja wa Ulaya nao, mwaka 2023, ulipitisha sheria ya kukomesha uuzaji wa magari mapya ya namna hiyo ifikapo 2035, na mabishano juu yake yameendelea.

Kwetu hakuna amri kama hiyo. Lakini habari zimefika, na baada ya ibada tunawasikia wamotari na wazazi wakizijadili. Wengi hawapingi umeme. Motari anajua kuliko sisi ni kiasi gani cha pesa ya siku kinaishia kwenye tanki. Esanse ikipanda bei, mama anayepeleka mboga sokoni ndiye anayelipa. Wanachouliza ni hiki: tutachaji wapi, na kwa umeme gani?

Swali hilo ni la haki. Huko Kigali, motari hangoji betri ijae. Anaingia kituoni, anaacha betri iliyokwisha, anapewa iliyojaa, na kwa dakika chache amerudi barabarani. Kampuni kama Ampersand zilianza kazi hiyo mwaka 2019. Kwa hiyo vituo vilitangulia, amri ikafuata.

Sisi tuna nini? Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa mjini. Bwawa la Ruzizi I linafanya kazi tangu miaka ya 1950, na Ruzizi II, tunayoshirikiana na Rwanda na Burundi, tangu 1989. Hata hivyo jioni nyumba nyingi zinakaa gizani kwa ajili ya delestaji, na chakula kinapikwa kwa makala. Katika Kongo nzima, takriban mtu mmoja tu kwa watano anapata umeme. Tena tangu Februari 2025, vita vilipofika mjini, benki zilifunga milango. Kijana atapata wapi mkopo wa kununua pikipiki mpya?

Kuna uchungu mwingine. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inayoingia katika betri nyingi za magari, inachimbwa nchini mwetu, katika Lualaba na Haut-Katanga. Huko watoto wamebeba mifuko ya mawe ili miji ya mbali ipate hewa safi.

Katika Kutoka sura ya 5, Farao aliwanyima Waisraeli majani, lakini hesabu ya matofali ikabaki ileile. Waliposhindwa, aliwaita wavivu. Ndivyo ilivyo amri isiyo na njia ya kuitimiza: inamgeuza maskini kuwa mkosaji. Kiongozi yeyote atakayetaka kuiga Kigali hapa, tumwombe kwanza majani: umeme usiokatika, vituo vya betri, na mkopo usiomnyonga motari.

Lakini neno hili lisiwe kisingizio. Moshi tunaouvuta barabarani unaumiza watoto wetu, na msitu unaokatwa kwa makala ni kazi ya mikono ya Mungu. Makanisa yenye paneli za jua yanaweza kuanza na kidogo: kuwachajia majirani simu na taa, na kuwafundisha vijana kutengeneza betri na mota za umeme. Siku amri itakapokuja, isitukute mikono mitupu.

Tuwaombee wamotari wetu, wanaotoka alfajiri bila kujua watarudi na nini. Na tuwaombee wanaotunga sheria, wahesabu majani kabla ya kuhesabu matofali.