Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa



Tunajivunia Nyanda za Juu Kusini kuwa ghala la taifa. Mahindi, maharage na viazi hutoka huko kulisha miji yetu. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba, kati ya watoto walio chini ya miaka mitano, waliodumaa ni asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa. Wastani wa Tanzania Bara na Visiwani ulikuwa asilimia 30. Je, ni njaa gani hii inayolala mlangoni pa ghala?

Tusijidanganye kwamba chakula hakipo. Mayai yanauzwa, maharage yanauzwa, maziwa yanauzwa. Mtoto anabakiwa na uji mweupe. Mama anapambazukiwa shambani, na mchanga anaachiwa dada yake wa miaka saba. Baba akiulizwa, hujibu kwamba kliniki ni mambo ya wanawake. Na mtoto akiwa mfupi kupita wenzake, twasema amefuata ukoo wa babu yake.

Udumavu si ufupi tu. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, ndizo ambazo ubongo hujengwa kwa kasi kubwa. Lishe ikipungua, kuhara kukirudia, na pasiwepo wa kumsemesha wala kucheza naye, hasara hiyo ni vigumu mno kuifidia baadaye. Kisha twamlaumu mwalimu kwamba mtoto haelewi!

Serikali nayo isijifiche. Halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Fedha hiyo haifikii hata bei ya trei moja ya mayai. Tuwaulize madiwani wetu: imetengwa? Imetolewa? Imefanya nini?

Lakini tujiulize nasi. Twakaa vikao miezi mitatu kuchangia sherehe ya siku moja. Ni jumuiya gani imewahi kukaa kikao kimoja kuuliza watoto wake wamekula nini juma hili?

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Tumezoea kuitumia methali hiyo kuhalalisha fimbo. Tumesahau kwamba udongo usiotiwa maji haufinyangiki, hata mfinyanzi awe hodari namna gani.