Kabla Umlipe Fundi, Muulize Maji Yanatoka Wapi

Wasee, leo si stori ya simu wala viatu. Ni ya hita ya maji ya mathe.

Hita yetu ni ile ya tanki, iko kwa ukuta wa bafu tangu nikiwa darasa la pili. Juzi ikaanza kudondosha maji. Fundi wa kwanza akaiangalia dakika mbili, akasema ni valvu. 3,500 ikaenda. Baada ya wiki mbili, maji yako pale pale. Wa pili akakaza paipu zote, akachukua 2,000. Bado. Hiyo ni pesa ya mathe ya kuuza mitumba, na kila asubuhi alikuwa anapanguza sakafu bila kusema kitu.

Msimamo wangu ni huu: fundi asiyekuonyesha maji yanatoka wapi anabahatisha na pesa yako.

Na kujua si ngumu. Kwanza nilizima swichi kubwa, maana maji na stima havipatani. Nikapanguza tanki mpaka likakauka. Nikafunga tishu kwa kila kiungo cha paipu, nyingine chini ya valvu, nyingine chini ya kifuniko cha elementi. Nikangoja. Tishu itakayolowa kwanza ndiyo shahidi wako.

Ikilowa ya kiungo, hiyo ni kazi ndogo. Ya kifuniko, pengine mpira wa ndani umechoka. Ya valvu, tulia: maji yakipata moto hupanuka, kwa hivyo matone machache hita ikiwaka ni kawaida. Ikidondosha kutwa nzima, valvu imeisha au presha imezidi. Lakini usiwahi kuiziba! Hiyo ndiyo inazuia tanki lisilipuke.

Tishu zetu zote zilikaa kavu. Maji yalikuwa yanatoka chini, kwa mshono wa ganda la nje, na yana rangi ya kutu. Yaani tanki la ndani limetoboka. Kumbe ndani huwa na fimbo ya magnesiamu ambayo huliwa kwanza ili tanki lipone. Fimbo ikiisha, kutu inaanza kula tanki. Yetu haijawahi kubadilishwa, hata hatukujua iko. Na tanki likifika hapo, hakuna gundi ya kuliokoa. Ni kununua jipya.

Kwa hivyo ile 5,500 ingekuwa mwanzo wa hita mpya. Hiyo ndiyo inaniuma.

Najua mtu ataniambia, "Hiyo ni kazi ya fundi, wewe uliacha chuo mwaka wa pili." Ni kweli, na waya za hita sitagusa. Kutengeneza ni kazi ya fundi. Kuuliza ni kazi yako.

Saa hii mathe anaoga na maji ya sufuria na sisi tunachanga. Wewe ukiona tone kwenu leo, tafuta tishu kabla hujatafuta namba ya fundi.